Stika Ndani ya Kifuniko cha Tangi

11 Februari

Shemeji,

Naomba barua hii ikukute na vidole vyote kumi. Kaka yako alikuwa akisema kwamba mtu anayepikia wachimba mawe mia mbili kila siku, ipo siku atajikatakata mwenyewe na kujitia sufuriani bila kujua. Sisi hapa tupo. Mama anakula, analala, na anagombana na redio. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia linasikia yale tu linayoyataka. Juzi nilimpeleka kliniki, akamwambia daktari kwamba mimi nampa vidonge nusu nusu ili vidumu. Daktari akanitazama. Nikatoa karatasi ya dawa, akaisoma, akacheka. Mama hakucheka.

Kazi inakwenda. Nimepata mapazia ya daktari wa meno, vyumba vinne, kitambaa kizito cha kijani kinachovunja sindano. Nashukuru kwa sababu mikono ikiwa na kazi kichwa kinatulia. Jumatatu ilikuwa miezi miwili kamili tangu kaka yako aondoke duniani. Bado naweka vikombe vitatu mezani, kisha nakirudisha kimoja kabatini kabla Mama hajaona.

Ningekupigia simu, lakini najua kambini kwenu mtandao unapatikana kwa bahati, na posta yenu ni dereva wa lori la vyakula. Basi niandike. Jambo lenyewe ni gari la kaka yako.

Unajua alivyokuwa. Siku sita kwa wiki alikaa kiti cha pembeni akifundisha watu udereva, mwendo wa konokono, mguu wake juu ya breki ya mwalimu. Jumapili alilitoa lake, lile jekundu la milango miwili lenye turbo, akaenda nalo barabara ya nje ya mji, akarudi uso unang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Mimi nililiita mke mwenzangu. Yeye akanijibu, "Mke mwenzio anakula vizuri kuliko wewe na halalamiki."

Sasa mke mwenzangu nimeachiwa mimi. Nabebea mapazia, nampelekea Mama kliniki. Watu wanacheka barabarani: gari la mbio, fimbo za mapazia zimetokeza dirishani, na bibi kizee mbele amevaa miwani ya jua ya marehemu mwanawe.

Ndani ya kifuniko cha tangi kuna stika nyeupe. Imeandikwa kwamba gari hili linywe petroli ya premiamu peke yake, na kwamba ya kawaida itaharibu injini. Kituo cha karibu, kile kando ya duka la mikate, kina ya kawaida tu. Premiamu iko upande wa pili wa mji, na foleni ya kufika huko inachosha kuliko kazi yenyewe. Lakini kila wiki naenda, kwa sababu imeandikwa.

Hata hivyo gari limelegea. Zamani nikiwa abiria, kaka yako akigusa tu mguu, mgongo wangu ulibanwa kwenye kiti. Sasa linapanda kilima cha hospitali kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nimeanza kuwashuku wale wa pampu kwamba wananiuzia ya kawaida kwa jina la premiamu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na nimevaa nyeusi. Je, ndivyo? Au ni mimi ninayeliua kwa kutojua? Gari hili ndilo kitu pekee alichokuwa akikigusa kila wiki kwa furaha. Sitaki life mikononi mwangu.

Nyinyi wawili mlikuwa mkizungumza kila kitu. Niambie.

Shemeji yako wa mapazia


2 Machi

Shemeji yangu mpenzi,

Vidole vipo, ila kimoja kina bandeji, na si kisu, ni mfuniko wa debe. Huku mvua imekata barabara siku tisa, kwa hiyo barua yako imefika pamoja na kabichi zilizooza. Wachimbaji wamekula maharage siku tisa mfululizo, na mmoja ameniambia akifa niandikwe mimi kwenye cheti kama chanzo cha kifo. Nimemwambia apange foleni.

Mwambie Mama namsalimu kwenye sikio la kulia.

Kuhusu gari. Shemeji, acha kuhangaika. Weka petroli ya kawaida. Nenda hapo kando ya duka la mikate, jaza, rudi nyumbani. Haitaharibu kitu. Hiyo stika usiijali, viwanda huandika mengi kujikinga. Wale wa pampu hawajakuibia. Na wala usiwaulize, maana mtu wa pampu kazi yake ni kuuza, atakuambia premiamu hata kwa pasi ya umeme.

Jambo moja tu: likipata tatizo, usilipeleke kwa fundi mwingine yeyote isipokuwa Fundi Kimya. Mwingine asiguse injini hiyo.

Jitunze. Kula. Kaka angenichapa akisikia umekonda.

Mpishi wenu


19 Machi

Shemeji,

Pole na kidole, na pole na kabichi. Mapazia ya kijani yametundikwa. Daktari wa meno amesema chumba sasa kinafanana na msitu, sikujua kama anasifu. Mama ana mafua lakini mdomo haujaugua. Wiki hii amemtuhumu jirani kwamba anapunguza maji kwenye bomba letu kwa makusudi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma inakuwa fupi zaidi.

Usinielewe vibaya. Wewe ni mpishi. Tangu nikufahamu sijawahi kukuona ukifungua boneti. Siku gari lilipopata pancha tukienda harusini, wewe ndiye uliyeshika mwavuli. Leo unaniandikia kutoka mwisho wa dunia kwamba kiwanda kilichounda gari kinadanganya na wewe ndiye unayejua. Na sababu hukunipa hata moja.

Nilimwuliza dada wa pampu kule kwenye premiamu. Ndiyo, najua ulinikataza, na ndiyo maana nilimwuliza. Alinieleza taratibu, bila kutaka kuniuzia kitu maana tangi lilikuwa limeshajaa. Alisema injini zenye turbo hubana sana hewa na mafuta, na petroli ya kawaida huwaka kabla ya wakati wake, ndani kunagonga kama mtu anayepiga msumari, na ukiendelea, pistoni zinatoboka. Akasema, "Mama, aliyekuambia uweke ya kawaida hakutakii mema." Nilimwambia ni ndugu. Akafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu.

Nakumbuka mwaka ule wa mvua kubwa. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka, tuko mita chache tu kutoka kituo cha kando ya duka la mikate. Kaka yako alikipita. Alivuka mji mzima taa imewaka, mimi nasali, hadi kwenye premiamu. Nikamwuliza ingekuwaje kama angeweka ya kawaida lita mbili tu za kutufikisha. Alinitazama kama nimemwambia ampe mtoto sabuni ale. Mtu huyo ndiye kaka yako. Wewe unamjua mwingine?

Kuna jingine, ninaliandika kwa sababu nikilimeza litanikaa kooni. Wiki ya mazishi, viti vya kukodi havijarudishwa, uliniambia kuna mwenzako wa kambini anapenda gari hilo na anaweza kulichukua hata likiwa na hitilafu. Hata likiwa na hitilafu. Wakati ule sikulitilia maanani. Sasa nalitilia.

Sikusemi, nauliza.

Shemeji yako


14 Aprili

Shemeji,

Natumaini mafua ya Mama yamepona. Hapa sote wazima. Tumepata jiko jipya la gesi na tayari limeunguza nyusi za msaidizi wangu.

Barua yako ilinikuta jikoni nikaisoma nimesimama, wali ukaungua. Sikujibu mara moja kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa cha hasira, na kaka alinifundisha kwamba ukikasirika uhesabu mpaka lori linalofuata.

Yule mwenzangu aliuliza, ni kweli. Nilikuwa sijui la kusema siku ile, nikasema hilo. Lilikuwa neno la kijinga. Hajauliza tena na mimi sijamkumbusha. Kama unadhani nataka uliharibu gari ili nilinunue kwa bei ya chuma chakavu, basi tumefika mahali pabaya, na sijui tumefikaje.

Siwezi kukueleza zaidi ya nilivyokueleza. Si kwamba sitaki. Weka ya kawaida, shemeji. Kaka mwenyewe alikuwa akiweka ya kawaida tangu Septemba, na hukusikia injini ikigonga hata siku moja.

Niamini kwa hili, hata kama kwa mengine hutaniamini.

Mpishi


3 Mei

Shemeji,

Salamu kutoka kwa Mama. Amepona. Mimi pia mzima, namshukuru Mungu. Nina tenda ya mapazia ya ukumbi wa shule, marefu kama nguo za majitu, sebule yote imejaa kitambaa na Mama anapita juu yake kama anavuka mto.

Umeandika Septemba.

Nimeisoma sentensi ile mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Septemba ulikuja likizo siku kumi bila kutuambia kabla. Asubuhi moja wewe na kaka yako mliondoka na gari mkarudi kwa miguu, na gari likakaa huko siku tatu. Mliniambia mmelipeleka kusafishwa viti. Nikawaandalia chai na kuwasifu kwa usafi. Gari lilirudi, na kwenye kiti cha nyuma doa la juisi lilikuwa palepale lilipokuwa tangu sikukuu ya mwaka juzi. Nililiona siku ile ile. Nikajiambia labda juisi hiyo haitoki.

Basi nilikwenda kwa Fundi Kimya. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, ikitikisika kwa wimbo aliokuwa akiuimba kimoyomoyo. Nikaiuliza miguu hiyo kama Septemba kuna kitu walikibadilisha kwenye gari la marehemu. Miguu ikaacha kutikisika. Akajivuta nje, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akaniambia, "Muulize shemeji yako."

Nikamwambia shemeji yangu hasemi.

"Basi na mimi sijasema," akajibu, akarudi chini ya lori.

Nimemwita Kimya miaka yote nikidhani ni utani.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama, maana sina mwingine. Nilipiga kelele mpaka majirani wakajua. Mama akafikiri, akasema, "Wameuza injini wakaweka ya cherehani." Nilicheka. Kisha nikaenda dirishani nikalitazama gari pale uani, na nikaona kwamba sicheki tena. Linakwenda kama lenye injini ya cherehani. Mimi cherehani nazijua.

Shemeji, sikiliza nilivyo sasa. Nimelifunika gari kwa turubai. Mapazia napeleka kwa basi, fimbo nimeshika mkononi kama mwanajeshi. Mama anakwenda kliniki kwa teksi na anamtuhumu dereva njia nzima. Nimeanza kupekua mifuko ya makoti ya mume wangu, jambo ambalo sikulifanya akiwa hai. Nilipata peremende, leso, na kipande cha chaki. Nilikaa chini na ile chaki mkononi nikajiuliza inaficha nini. Chaki, shemeji. Ya kuchorea alama za barabarani kwa wanafunzi wake.

Siogopi tena kuharibikiwa na gari. Naogopa kugundua kwamba mume wangu na shemeji yangu walikaa mezani kwangu, wakanywa chai yangu, na walikuwa na jambo lao. Hilo ndilo linaloniua.

Kuna mnunuzi wa magari amekubali kuja mwisho wa mwezi ujao na fundi wake. Atafungua injini, atanieleza kilichomo, na akilitaka atalichukua. Nitampa. Siwezi kutunza kitu nisichokijua.

Kama una la kusema, dereva wa lori anapita kwenu kila wiki mbili. Unajua muda ulionao.

Mke wa kaka yako


21 Mei

Shemeji,

Salamu kwako na kwa Mama. Leo sina utani.

Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili zimewasha jiko. Niliapa nisiseme. Lakini aliyeniapisha hakufikiri kwamba utafika mahali pa kupekua makoti. Angejua, angenifungua mwenyewe.

Usimwite mnunuzi. Injini ipo, ni ileile. Kilichobadilika nitakueleza, lakini kwanza kuna la kutangulia, na naomba ukae chini.

Mwezi wa sita mwaka jana kaka alipimwa moyo. Wewe alikuambia ni mgongo, kwa sababu ya kukaa garini kutwa. Ile mito miwili uliyokuwa ukimwekea alale ameinuka, haikuwa ya mgongo. Alikuwa akilala chali anakosa pumzi. Daktari alimwambia moyo umechoka, unaweza kwenda miaka, unaweza usimalize mwaka. Alinipigia siku ile kutoka kwenye gari la mafunzo, mwanafunzi amekwenda kununua maji. Alizungumza kama mtu anayeagiza vipuri.

Nikaomba likizo, wakanipa Septemba. Hiyo ndiyo likizo ambayo sikuwaambia.

Siku ya kwanza tulilipeleka gari kwa Fundi Kimya. Aliunganisha kompyuta yake, akaipunguzia turbo nguvu, akaibadilishia injini wakati wa kuchoma mafuta, ili iweze kutumia petroli ya kawaida bila kugonga. Siku mbili zilizofuata walilijaribu, wakapunguza tena, wakajaribu tena. Ndiyo sababu limelegea. Halina ugonjwa. Limefanywa hivyo. Ukiweka premiamu halidhuriki, ila huongezi kitu.

Nilimwuliza kaka kwa nini, maana ilikuwa kama kumwona mtu akimkata farasi wake miguu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, tumekaa kwenye tairi kuukuu pale gereji. "Premiamu iko mbali. Siku moja Mama atazidiwa, mke wangu atakuwa na haraka, atajaza hapo kwa mikate. Injini itavunjika njiani na yeye atajilaumu mpaka kufa. Na lina nguvu mno kwake. Sitaki nimwachie kitu kitakachomtisha."

Nikamwambia, mwambie mke wako. Mwambie yote. Akasema, "Nikimwambia ataanza kunihesabia pumzi. Niache niwe mume, nisiwe mgonjwa."

Stika nilimwambia aibandue. Akasema ukiona haipo utauliza. Akadhani hutayafuata maandishi yake, kwamba utajaza tu hapo karibu. Miaka ishirini anafundisha watu kutii maandishi ya barabarani, na mtu mmoja ambaye hakufikiri kwamba atatii ni mke wake. Alipanga kukuambia mwenyewe Januari, kwa namna ya kawaida, kwamba fundi ameshauri. Hakufika Januari.

Baada ya pale alikuwa akiliendesha hivyo hivyo Jumapili. Aliniambia kwenye simu kwamba ni kama kurudi kwenye gari la wanafunzi. Alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa umejua. Nikasirikie mimi, nipo. Yeye hayupo wa kukasirikiwa.

Mpishi


18 Juni

Shemeji,

Mama hajambo. Mapazia ya ukumbi yametundikwa na hakuna lililokuwa fupi. Majirani wamekusalimu.

Barua yako ilipofika niliisoma, nikaikunja, nikaendelea kushona pindo. Nilishona pindo la mita sita, nikaligeuza, nikaona nimelishona upande usio wake lote. Nikalifumua. Siku mbili za mwanzo sikuwa na neno la kukuandikia lililofaa kupita mikononi mwa dereva wa lori.

Mnunuzi nimemwambia asije.

Mama nilimwambia injini ipo. Mengine sikumwambia, nikajisemea ni mzee, ataumia bure. Ndipo nikajikamata. Nikakaa kitandani kwake, upande wa sikio la kulia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Septemba ile kaka yako alikuja akakaa hapo hapo nilipokaa mimi, akamwomba msamaha kwa makosa ya utotoni, moja moja, hata la kuvunja kioo cha shule. Mama akasema, "Mtoto mzima haombi msamaha wa kioo bila sababu. Nilijua." Kwa hiyo nyumba nzima ilijua, hata sikio bovu. Fundi Kimya alijua. Kambi yenu, nadhani, hata kabichi zilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikisifu usafi wa viti.

Nilikushuku wewe, na kwa hilo naomba unisamehe. Nilidhani unataka kulichukua gari. Wewe ulikuwa unabeba mzigo usio wako. Lakini nisikudanganye kwamba baada ya kujua nimetulia. Nimekasirika, shemeji, na ni hasira nzito kuliko ile ya mwanzo.

Novemba, Jumapili moja, kaka yako alisimama mlangoni na funguo mkononi akaniambia, leo twende wote. Hakuwa na kawaida hiyo. Nilikuwa na pindo za kumaliza. Nikamwambia wiki ijayo. Akasema sawa, akatabasamu, akaenda peke yake. Wiki iliyofuata hakuuliza na mimi sikukumbuka.

Ningejua, ningeziacha zile pindo. Ndiyo, ningemhesabia pumzi, na kwa nini nisihesabu? Zilikuwa pumzi za mume wangu. Alitaka kuniepusha na hofu, akaniepusha na Jumapili ile pia. Hilo ndilo lisilosemeka kwa mtu aliyekufa, kwa hiyo nakusemea wewe.

Wiki jana nililitoa turubai nikaenda kwa Fundi Kimya. Safari hii alikuwa amesimama. Nikamwambia, "Lirudishe lilivyokuwa."

Alizungumza siku hiyo kuliko miaka yote niliyomfahamu. Alisema mpangilio wa zamani ameuhifadhi kwenye kompyuta, hakuufuta, kwa sababu hakupenda ile kazi tangu mwanzo. Akasema akilirudisha, basi petroli ya kawaida iwe mwiko, hata lita moja, hata mvua inyeshe mawe. Akasema litakuwa na nguvu, si gari la kubebea fimbo. Kisha akauliza kama nina hakika, maana marehemu alikuwa na sababu zake.

Nikamwambia sababu za marehemu nimezisikia, zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja niliyoulizwa. Nikamwambia nimechoka watu kunipunguzia mambo. Akaenda kuchukua kompyuta.

Nilivuka mji. Dada wa pampu alinikumbuka, akaniuliza yule ndugu wa petroli ya kawaida anaendeleaje. Nikamwambia ni mtu mwema, ila hajui kuandika barua. Akajaza premiamu mpaka pampu ikajikata yenyewe. Kisha sikurudi nyumbani. Nilikwenda ile barabara ya nje ya mji, peke yangu, nikakanyaga. Shemeji, niliogopa mpaka nikasikia damu masikioni. Nikapunguza. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikakanyaga tena.

Likizo yako ni Agosti, dereva wa lori ameniambia. Usipande basi. Nitakuja kukupokea mwenyewe pale malori yanapogeuzia. Mama atabaki nyumbani. Utakaa mbele, utafunga mkanda, na utanieleza kila siku moja unayoijua, kuanzia ile simu ya mwezi wa sita mpaka Desemba: alichosema, alichokula, alicheka lini, aliniogopea nini. Usiruke hata siku moja kwa kunionea huruma. Sitapunguza mwendo mpaka umalize.

Shemeji yako